Mwongozo wa kuuliza "kwa akili" unamsahau anayeanza

Saa tano na dakika kumi usiku. Simu inalia. "Habari za usiku kaka." Unajibu: salama. Dakika nne zinapita. "Samahani kwa usumbufu." Bila samahani. "Naomba kuuliza kitu." Uliza tu. Kimya tena, halafu inaingia picha: skrini ya kompyuta iliyopigwa kwa simu kutoka ubavuni, taa ya chumba imeng'aa katikati yake, na nusu ya maandishi mekundu imekatwa chini. Pamoja na picha, neno moja: "Inagoma."

Kama umewahi kujifunza kuandika kodi (sisemi ile ya TRA wala ya mwenye nyumba), basi ujumbe wa namna hiyo umeshautuma au umeshaupokea. Mimi nimefanya yote mawili. Nasimamia maabara ya programu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza huku nikipambana na shahada yangu ya uzamili, na nilipoanza kazi hiyo nilikuwa na dawa moja kwa wagonjwa wote wa "inagoma". Dawa ilikuwa linki. Naituma, nalala.

Linki ilienda kwenye insha ya Kiingereza inayoitwa How To Ask Questions The Smart Way, yaani jinsi ya kuuliza maswali kwa akili. Waandishi wake ni Eric Raymond, yule yule wa The Cathedral and the Bazaar, na mwenzake Rick Moen. Ilitoka mwaka 2001, imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, imetafsiriwa katika lugha kadhaa, na mpaka leo ukiuliza hovyo mbele ya mafundi kuna mmoja atakurushia. Pengine wewe mwenyewe umesharushiwa.

Mwanafunzi mmoja niliyemtumia alijibu "Asante sana kaka." Hakuuliza tena. Sio usiku ule tu, muhula mzima, na kuanzia wiki ya tisa hakuja maabara. Nilikuja kukutana naye kwenye foleni ya chakula akaniambia amehamia kozi nyingine. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ile kitu niliyomtumia aliisoma yote, kwa kamusi, na alichoelewa ni kwamba yeye si wa pale.

Nikarudi kuisoma upya, safari hii kama mtu anayesoma barua aliyoituma yeye mwenyewe bila kuifungua. Ninachoandika hapa ndicho nilichokiona.

Tuanze na haki yake, kwa sababu insha ile si mbaya. Inakwambia useme dalili, usiseme hisia zako kuhusu chanzo. Inakwambia ueleze mambo kwa mpangilio yalivyotokea. Inakwambia utaje lengo lako la mwisho na sio hatua uliyokwama tu, maana mara nyingi umekwama kwa sababu umepita njia ya panya wakati barabara ipo. Hilo la mwisho ni ushauri wa dhahabu. Mwanafunzi anakuuliza "herufi tatu za mwisho za neno nazitoaje?", unahangaika naye nusu saa, kumbe anachotaka ni kujua kama faili ni la pdf au la, na Python ina njia ya moja kwa moja ya kuuliza neno linaishia na nini. Pia insha inakataza kuandika HARAKA kwenye kichwa cha ujumbe. Hapo namuunga mkono Raymond kwa mikono miwili. "Haraka wakuu, mwisho wa kukusanya ni saa sita usiku" ni habari yako wewe, sio habari ya kodi.

Sasa chukua ushauri huo, ukae nao mbele ya programu halisi ya mtu wa wiki ya pili. Hii ni ya duka, na karibu kila darasa huipitia:

bei = input("Bei ya moja: ")
idadi = input("Idadi: ")
jumla = bei * idadi
print(jumla)

Mteja anataka soda 3 za shilingi 700. Unaandika 700, unaandika 3, unabonyeza Enter, na Python inakujibu:

TypeError: can't multiply sequence by non-int of type 'str'

Insha inasema: kabla hujauliza, soma ujumbe wa kosa, tafuta mtandaoni, soma mwongozo wa programu, jaribu mwenyewe. Haya, tusome. Ujumbe unasema huwezi kuzidisha "sequence" kwa kitu ambacho si "int" na ambacho ni cha aina ya "str". Kila neno hapo ni sahihi. Lakini huyu mtu hana "sequence" yoyote. Ana bei ya soda. Hajui kwamba input humrudishia maandishi siku zote, hata ukiandika namba. Hajui kwamba kwa Python maandishi ni mfuatano wa herufi. Na wala hajui kwamba mfuatano unaweza kuzidishwa kwa namba kamili ukajirudia. Ujumbe unamweleza kosa lake kwa kutumia mambo matatu ambayo angekuwa anayajua asingelifanya kosa lenyewe.

Tutafute mtandaoni basi. Hapa ndipo nilipoanza kumkasirikia Raymond, na mimi mwenyewe. Ile kodi ya mistari minne hapo juu, ukiacha jinsi print itakavyoonekana, ilikuwa sahihi kabisa kwenye Python 2. Kule input ilikuwa inachukua ulichoandika na kukikokotoa, kwa hiyo 700 ilikuwa inaingia kama namba. Python 3 ilitoka Desemba 2008 na ikabadilisha hilo. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Zile kurasa na masomo ya zamani vyote bado vipo mtandaoni, havijawekewa alama ya kaburi. Anayeanza anatafuta, anakuta mtu ameandika kitu kama chake neno kwa neno, mtu huyo anashukuru kwamba imefanya kazi, na yeye kwake inagoma. Atahitimisha nini? Kwamba kompyuta yake mbovu, au kichwa chake.

Mimi nikiona print haina mabano, natambua umri wa ukurasa kwa jicho moja, kama unavyojua samaki wa juzi kabla hujamgusa. Lakini hilo jicho nimelipata baada ya miaka. Insha inadhani kila mtu anazaliwa nalo.

Halafu kuna aina ya pili ya tatizo, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu haina maandishi mekundu. Mwanafunzi mwingine hakuuliza idadi. Aliiandika mwenyewe ndani ya programu:

bei = input("Bei ya moja: ")
jumla = bei * 3
print(jumla)

Hii haigomi. Inachapisha 700700700. Soda tatu, shilingi milioni mia saba na laki saba na mia saba. Darasa lilicheka sana siku ile, na mwenye programu alicheka kuliko wote, jambo ambalo lilinifurahisha kwa sababu ya kitu kilichofuata: alikuwa na swali zuri bila hata kujua. Alisema, "Nilitegemea 2100, imeleta 700 mara tatu." Sentensi moja. Ina alichotegemea, ina alichopata, na tayari ina jibu ndani yake, maana "700 mara tatu" ndicho hasa Python ilichofanya: ilirudia maandishi mara tatu.

Hapo insha ina haki tena. Ukisema ulitegemea nini na ukapata nini, nusu ya kazi imekwisha. Ila angalia kwa nini huyu aliweza na yule wa kwanza hakuweza. Wa pili alikuwa na matokeo ya kuyatazama. Programu yake iliongea lugha ya soda. Ya wa kwanza iliongea lugha ya waliotengeneza Python. Wote wawili wana akili ile ile na kosa lile lile kasoro mstari mmoja.

Ndio maana neno "smart" kwenye kichwa cha insha linanikera. Linafanya ubora wa swali uwe sifa ya mwulizaji. Muuliza vizuri ana akili, muuliza vibaya hana. Na ndani ya insha kuna sehemu nzima inayokufundisha jinsi ya kutojibu kama "loser" ukikemewa. Kuna orodha ya maswali ya kutoulizwa, na majibu ya kejeli pembeni yake. Mtu akisema ana shida na kompyuta yake ya Windows, jibu lililoandikwa pale ni kwamba aitupe hiyo takataka aweke Linux. Najua ni utani. Mwanafunzi wangu aliyeisoma kwa kamusi hakujua.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda unaoonyesha kwamba akili ya mwulizaji siyo kipimo, nao umetoka kwa Python yenyewe. Tazama hii:

bei = {"sukari": 3000, "unga": 2000,
jumla = 0

Mabano yaliyofunguliwa mstari wa kwanza hayakufungwa. Mpaka toleo la 3.9, Python ilikuwa inakuonyesha mstari wa PILI na kusema "invalid syntax". Mstari wa pili hauna kosa lolote! Unaukodolea macho, unaufuta, unauandika tena, unaongeza nafasi, unapunguza nafasi. Nimeona watu wakimaliza saa nzima kwenye jumla = 0. Na wakija kuuliza, wanauliza kuhusu jumla = 0, kwa sababu mashine imewanyooshea kidole pale. Ukifuata kanuni za Raymond kwa uaminifu, utanakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, utaweka mstari uliotajwa, na swali lako bado halitajibika, kwa sababu mstari wenye kosa umeuacha nje. Umeuliza kwa akili zote na bado swali ni bovu.

Oktoba 2021 likatoka toleo la 3.10. Kodi ile ile, kosa lile lile, sasa inasema '{' was never closed, na inanyooshea mstari wa kwanza, kwenye mabano yenyewe. Toleo hilo hilo likaongeza kitu kingine: ukiandika jina ambalo halipo, linatafuta lililo karibu nalo. Hili limewasaidia sana wanaoandikia kodi kwenye simu, ambako kibodi inajifanya mwalimu na kuweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila mstari. Umeita jumla, simu ikaandika Jumla. Zamani: jina halijafafanuliwa, kwisha. Sasa: halijafafanuliwa, je, ulimaanisha 'jumla'? Na inaliuliza hilo kwa Kiswahili chako, kwa sababu inalinganisha majina uliyoyaweka wewe, haina habari ni lugha gani.

Maswali ya mabano na ya majina yaliyokosewa yamepungua sana maabara kwangu tangu tuweke matoleo mapya. Hakuna mwanafunzi aliyeongezewa akili Oktoba 2021. Waliokuwa upande wa pili ndio walioamua kuongea vizuri zaidi. Wale waliotumia miaka kuwasema wanaoanza kwamba hawasomi ujumbe wa kosa wangeweza, muda wote ule, kuuandika ujumbe wa kosa unaosomeka. Raymond na Moen wana sehemu kuhusu wajibu wa anayejibu, siwezi kuwasingizia: inasema uwe mpole, inasema mtu mwenye msongo huonekana mkorofi au mjinga hata kama sivyo, inasema uulize maswali ya kumsaidia afafanue. Nzuri mno. Iko mwishoni kabisa, ni fupi, na inakuja baada ya maelfu ya maneno ya kumwambia mwulizaji ajirekebishe. Mimi nilisambaza linki ile kwa miezi bila kufika hapo.

Sasa tuje kwenye salamu, maana hapa insha inatugusa sisi kwa namna ambayo waandishi wake hawakuwaza.

Inashauri kufuta maneno yasiyobeba swali. "Kuna mtu anaweza kunisaidia?" ni upotevu, inasema, na kujinyenyekeza kupita kiasi hakuchukui nafasi ya kufanya kazi yako. Wapo wenzangu waliolichukua hilo wakaligeuza sheria: "Usiniambie habari, niambie shida." Sikubaliani nao. Kwetu mtu haingii nyumbani kwa mwenzake akaanza na shida. Anabisha hodi, anajuliwa hali, ndipo anasema kilichomleta. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayemwandikia mtu aliyemzidi umri usiku wa manane, halafu aanze na "TypeError mstari wa 3", anajisikia ameingia chumbani kwa mtu na viatu. Ukimlazimisha aache salamu hajawa mwenye akili zaidi. Amekuwa mtu aliyelazimishwa kukosa adabu, na uwezekano mkubwa ni kwamba ataacha kuja.

Lakini, na hapa nawageukia wanaouliza, hodi sio lazima ibishwe kwa awamu nne. Tatizo la "Naomba kuuliza" sio heshima yake. Ni ule muda wa kusubiri. Mimi nikiona "naomba kuuliza" nikiwa kwenye daladala, siwezi kujibu chochote isipokuwa "uliza", na mpaka uulize mimi nimeshaingia kikao. Weka salamu na swali kwenye ujumbe mmoja. "Habari za jioni kaka, samahani kwa usumbufu. Programu yangu ya duka ilitakiwa ilete 2100, inaleta 700700700. Kodi ni hii hapa chini." Umesalimia, umeomba radhi, umeuliza, na hakuna aliyevuliwa utu wake.

Na lugha. Insha inataka Kiingereza safi, chenye herufi sahihi na sarufi nzuri, kwa hoja kwamba mzembe wa kuandika ni mzembe wa kufikiri. Inakiri kwamba wapo ambao Kiingereza si lugha yao, na inawashauri wataje hilo mapema wavumiliwe. Sasa fikiria mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, akafika chuo akakutana na "non-int of type 'str'". Akikosea kuandika swali lake kwa Kiingereza anahesabiwa mzembe wa kufikiri. Wakati ukimwacha alieleze kwa Kiswahili anakuambia bila kusita kwamba "imerudia badala ya kuzidisha", maelezo ambayo ni sahihi kuliko ya nusu ya vitabu. Nimeacha kudai Kiingereza maabara. Ujumbe wa kosa unakiliwa kama ulivyo, maana hiyo ni data. Mengine yote, sema unavyosema.

Kama unataka kitu cha kusoma badala ya Raymond, kipo, na kimemtangulia. Mwaka 1999 Simon Tatham, yule wa PuTTY, aliandika How to Report Bugs Effectively, kuhusu kuripoti hitilafu. Hakuwalenga wanaojifunza, aliwalenga watumiaji wa programu, lakini wazo lake la msingi linawafaa wanaojifunza kuliko insha nzima ya 2001: lengo lako ni kumwezesha mwenye programu aione ikiharibika mbele ya macho yake mwenyewe. Basi. Ukiweza kumwita aje asimame nyuma yako, mwite. Ukishindwa, mpe hatua za kufuata ili ikaharibikie kwake. Naye anatumia mfano wa daktari: humwendei kumwambia akuandikie dawa fulani, unamwambia panapouma. Hakuna mahali anapopima akili ya mtu. Anaeleza kwa nini kila kitu anachokiomba kinahitajika, na ukishajua kwa nini, unaweza kukifanya hata bila kukariri kanuni.

Ila hata Tatham hakugusa kitu ambacho naona ndicho mzizi wa yote, na ndicho sisi wasimamizi wa maabara tunachokiruka: kupunguza. Mafundi wote wanadai "mfano mdogo unaoonyesha tatizo". Ni dai sahihi. Ni pia ufundi unaochukua muda kuupata, na hakuna aliyenifundisha darasani. Mtu ana mistari 140, programu yote ya duka, ina menyu, ina orodha ya bidhaa, ina punguzo la bei. Mahali fulani humo jumla inatoka mbovu. Ukimwambia "nitumie sehemu yenye tatizo tu", umemwomba jibu la swali alilokuja kukuuliza.

Kwa hiyo siku hizi tunapunguza pamoja, kwa sauti, mara moja moja kila wiki. Tunakopi faili lote kwanza ili mtu asiogope kuharibu. Halafu tunafuta punguzo. Bado ni mbovu? Bado. Tunafuta menyu. Bado? Bado. Tunafuta orodha ya bidhaa, mahali pake tunaandika bei moja kwa mkono, 700. Imepona! Wanashtuka, wanadhani tumeirekebisha. Hatujarekebisha chochote, tumejua tu kwamba ugonjwa umeondoka na kitu tulichofuta mara ya mwisho. Tunarudisha hicho kimoja. Tunachapisha bei kabla ya kuizidisha, na tunachapisha pia type(bei). Inatokea str. Mwenye programu anaguna. Mara nyingi hapo sijasema neno lolote la maana kwa dakika kumi, na si kwa busara. Wengine wawili wananivuta shati upande wa pili wa chumba.

Kuna wanaoniambia haya yote yamepitwa, kwamba tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022 hakuna anayeuliza binadamu. Kuna ukweli. Wanafunzi wangu wananiambia wazi kwamba wanaipenda kwa sababu haiwarushii linki, na hapo nakaa kimya maana nastahili. Lakini naona picha za mazungumzo yao nayo. Mtu anabandika mistari 140 na kuandika "rekebisha", inamrudishia mistari 160 ambayo inakubali kufanya kazi na ambayo hawezi kueleza hata mmoja. Haikumuuliza alitegemea nini, nayo ikabuni. Yule wa soda tatu angeandika "rekebisha", angepata int(input()) mahali pake, na asingewahi kujua kwamba alichokuwa amekiona, ile 700 mara tatu, kilikuwa jambo la kweli kuhusu Python.

Raymond naye alilikataza hili la kazi za darasa, kwa njia yake: anasema maswali ya kazi za chuo yanatambulika, na ni yako kuyafanya, omba dokezo, usiombe jibu. Ni msimamo wa haki kwa fundi asiyekujua, aliyeko Marekani na ana kazi zake. Kwa msimamizi wa maabara hauna maana yoyote. Kazi ya darasa ndiyo sababu ya mimi kuwa pale.

Sijafuta insha kwenye orodha yangu ya usomaji. Nimeihamisha. Wanaisoma mwaka wa pili, wakishajua kupunguza, na wanaisoma kuanzia mwisho, sehemu ya anayejibu kwanza. Mwaka huu walibishana nayo saa nzima na mmoja akasema Raymond angefaa kuwa mlinzi wa geti, akaulizwa hiyo ni sifa au tusi, akasema inategemea uko upande gani wa geti.

Kwa wa mwaka wa kwanza, picha ya pembeni ikiingia saa tano usiku na neno lake moja, najibu salamu kwanza. Halafu naandika: ulitegemea ilete nini? Imeleta nini? Mara ya mwisho ilipokubali, ilikuwaje, na baada ya hapo ulibadilisha nini? Nikope hapa maandishi mekundu yote, yasiwe picha. Juzi niliyatuma hayo nikasubiri. Ikaonekana anaandika. Ikaacha. Ikaonekana anaandika tena, muda mrefu safari hii, nikajua inakuja hadithi ndefu. Ilipofika ilikuwa hivi: "Nilitegemea ilete majina yote. Inaleta la mwisho tu. Jana ilikubali, baadaye nikasogeza print ikatoka ndani ya ile for. Aaa. Basi kaka, usiku mwema."